Mapumziko ya Mfanyakazi ni Kinga, Si Hisani

Mfanyakazi anayeomba kupumzika mara nyingi hudhaniwa kuwa mvivu, na mwajiri anayemruhusu husifiwa kwa huruma yake. Kitabibu, mitazamo yote miwili ina kasoro: mapumziko ni kinga dhidi ya maradhi.

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo mwaka 2016. Watu hao walikuwa na hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Msongo wa muda mrefu huchochea homoni zinazopandisha shinikizo la damu. Aidha, anayerudi nyumbani amechoka hukosa usingizi wa kutosha, huacha mazoezi, na pengine husahau dawa zake.

Dalili za kuelemewa na kazi ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kupungua kwa ufanisi. Kwa muuguzi aliyeunganisha zamu mbili, madhara hayaishii kwake. Kosa dogo la kipimo cha dawa humwangukia mgonjwa.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama anayenyonyesha hupewa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto.

Mwajiri atoe ratiba ya zamu mapema, asimpigie simu aliye mapumzikoni pasipo dharura, na ahakikishe likizo inachukuliwa. Mfanyakazi naye atumie vyema muda wa kazi, aseme mapema anapoelemewa, na asigeuze likizo kuwa kibarua kingine. Wote wapime shinikizo la damu mara kwa mara. Maumivu makali ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au kushindwa kuzungumza ni dharura. Mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, hata kama zamu haijaisha.