SOMO: KUKARABATI FLETI KATIKA JENGO LA WENGI



Parokia ya mjini ikiachiwa fleti kwa wosia, au ikinunua moja kwa makazi ya watumishi wake, kamati hukaa na kuulizana: tuanze na jiko au bafu? Kabla ya hapo, tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajengaye nyumba anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Agizo hilo halimlindi mwenye nyumba tu, bali kila apandaye.

Katika Tanzania, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake, na papo hapo kuwa na fungu lake katika mali ya pamoja, kama vile ngazi na korido. Kwa hiyo kuwa na hati si ruhusa ya kubomoa upendavyo. Mabadiliko yanayogusa jengo yapitie kwanza kwa chama cha wamiliki, kisha halmashauri kwa kibali.

Hatari kubwa iko kwenye ukuta. Fundi akiambiwa sebule ni ndogo, atashika nyundo. Lakini ukuta mwingine umebeba sakafu ya familia iliyo juu, na kwa macho tu huwezi kuujua. Aujuaye ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, tena akiwa na michoro ya jengo mkononi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba kazi ya kupanua sehemu ya biashara chini ya jengo ilikuwa ikiendelea.

Uzito nao husahaulika. Lita moja ya maji ina kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya kibaraza ambacho huenda hakikujengwa kubeba mzigo huo. Kuweka vigae vipya juu ya vya zamani nako ni kuongeza mzigo, ingawa fundi atasema kunaokoa siku mbili.

Bafu lisihamishiwe juu ya chumba cha kulala cha jirani. Sakafu yake ikishapakwa dawa ya kuzuia maji, na kabla ya vigae, zibeni tundu la kutolea maji, jazeni maji kidogo, yaacheni saa 24, kisha mteremke kwa jirani wa chini mkatazame dari yake. Kazi hiyo haina gharama, ila mumwombe mapema.

Kwa wafadhili tunasema wazi: vigae hupendeza kwenye picha ya ripoti, lakini ada ya mhandisi na mchango wa kubadilisha bomba kuu lililooza havipigiki picha. Viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa majadiliano ya kamati: Michoro ya jengo letu iko kwa nani? Na jirani wa chini, tumeshamweleza kazi itaanza lini?