Swali na Jibu: Biva wamefurisha kisima changu

Swali: Naishi Massachusetts, Marekani. Biva wamezuia kijito kwa miti na tope, sasa maji yanaingia kisimani. Naweza kuwatega mwenyewe?

Jibu: Pole sana, ndugu, lakini usikimbilie mtego. Tangu wapiga kura walipopitisha sheria mwaka 1996, mitego inayobana mguu au mwili wa mnyama imepigwa marufuku jimboni humo. Mwenye leseni hutumia mtego wa kizimba, Novemba 1 hadi Aprili 15. Hata hivyo, kisima kikifurika, bodi ya afya ya mji wako inaweza kutoa kibali cha dharura cha siku 10, hata nje ya msimu. Bwawa lenyewe usilibomoe bila kibali. Fikiria pia bomba la kupunguza maji, kwani biva wakiondolewa, wengine huhamia.