Dakika Kumi za Kimya: Zawadi ya Mume kwa Mke, na Mke kwa Mume



Kila tunapofundisha wanandoa juu ya tafakari, swali huwa ni lile lile: "Katekista, muda huo tutautoa wapi?" Swali hilo ni la haki. Katika Jimbo letu la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993 na ambalo leo linahudumia kaunti za Homa Bay na Migori, watu hawakai bure. Baba wa Mbita au Sori huingia ziwani jioni, huvua omena usiku kucha kwa mwanga wa taa, na hurudi kunapokucha. Mama humngoja ufuoni na beseni lake, kisha huanika omena, huenda sokoni, na jioni hurudi jikoni. Huko Awendo na Rongo kuna miwa, Nyatike kuna machimbo ya dhahabu. Watoto nao wanataka uji, sare na karo.

Kwa hiyo somo letu la leo halitaki kuwaongezea mzigo juu ya mzigo. Linataka kuonyesha mambo mawili: kwamba mzazi mwenye shughuli nyingi ndiye anayehitaji tafakari zaidi, na kwamba hataipata ikiwa mwenzake wa ndoa hamsaidii.

1. TAFAKARI NI NINI?

Wengine hudhani kutafakari ni kufunga macho na kuifanya akili iwe tupu. Kwetu Wakristo sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba katika tafakari tunatumia mawazo, picha za moyoni, hisia na tamaa zetu njema, ili tumjue Kristo na kumfuata (na. 2708). Ni kukaa na Neno la Mungu na kuliuliza: Bwana, leo unataka nini kwangu?

Tena si kazi ya watawa peke yao. Mwaka 1609 Mtakatifu Fransisko wa Sale, Askofu wa Geneva, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu wanaoishi katika shughuli za dunia namna ya kusali na kutafakari. Alieleza kwamba mtu wa ndoa asijaribu kuishi kama mtawa, bali ibada yake ilingane na wito wake na nguvu zake. Basi, mama mwenye mtoto mchanga asihuzunike kwamba hawezi kukaa kanisani saa nzima. Dakika kumi zinamtosha.

Yesu mwenyewe alikuwa na shughuli nyingi. Soma Marko 1:32-35. Jioni mji wote ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wao. Kesho yake, alfajiri kungali giza, alitoka akaenda mahali pa faragha kusali. Wingi wa kazi haukumzuia kusali.

2. FAIDA ZAKE NYUMBANI

Kwanza, tafakari huweka nafasi kati ya hasira na ulimi. Wahenga walisema hasira ni hasara, na hasara hiyo mara nyingi huwaangukia wasio na kosa. Baba amerudi na mashua tupu, mtoto amemwaga maji, mtoto anapigwa. Kosa la mtoto ni maji, lakini anachapwa kwa ajili ya samaki waliokosekana. Mzazi aliyezoea kutulia mbele ya Mungu hujifunza kujiuliza: Nimekasirikia nini hasa?

Pili, mwili wenyewe hupata nafuu. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanywa na Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, pamoja na wenzake. Watu wazima 23 wenye afya waliposali Salamu Maria za Rozari kwa Kilatini, pumzi zao zilipungua mwendo hadi karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakawa na mpangilio mzuri zaidi. Rozari si dawa ya hospitali, lakini tunaona kwamba sala ya pole pole hutuliza hata mwili.

Tatu, Neno hupata udongo. Katika mfano wa mpanzi, Bwana alisema kwamba masumbufu ya dunia hulisonga Neno kama miiba (Mk 4:19). Mkulima anajua kwamba shamba lisilopaliliwa halizai. Tafakari ni palizi ya moyo.

3. NANI ATAMSHIKA MTOTO?

Hapa ndipo penye shida ya kweli. Katika nyumba nyingi mume akitaka kusali hupata kiti na kimya. Mke akitaka kusali, sufuria inachemka, mtoto analia, na mume anauliza chai iko wapi. Tukimwambia mama huyo atafakari bila kumwondolea kazi hata moja, tumemdhihaki.

Soma Yohane 21:1-14, sura inayowafaa sana watu wa ziwani. Wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu. Alfajiri Bwana Mfufuka alikuwa ufukoni. Waliposhuka nchi kavu walikuta ameshawasha moto wa makaa, kuna samaki na mkate, naye akawaalika wale. Aliyeshinda mauti aliwapikia wafanyakazi waliochoka! Basi, baba, ukiwasha jiko au ukimbeba mtoto ili mke wako apate dakika kumi na Mungu, heshima yako haipungui. Unamfuata Bwana wako.

Mwambie kwa upole: "Mama watoto, keti kidogo na Neno. Mtoto niko naye mimi." Maneno haya machache yanaweza kuponya mengi.

Mke naye amlindie mumewe kimya chake. Akirudi amechoka, asipokewe mlangoni na deni la duka. "Baba watoto, oga, ule, utulie kidogo. Habari ya karo tutaizungumza baadaye." Lakini mume naye asiifanye "baadaye" hiyo kuwa njia ya kulikwepa jambo. Siku isiishe kabla hamjalizungumza.

Panganeni saa kulingana na kazi yenu, maana hakuna saa moja inayofaa nyumba zote. Kwa mvuvi wa omena, usiku wa mbalamwezi kazi hupungua. Hapo mume na mke wanaweza kutafakari pamoja.

4. NAMNA YA KUFANYA

a) Tulia. Kaa wima, fanya Ishara ya Msalaba, pumua pole pole kwa dakika moja.
b) Soma mistari michache ya Injili ya siku, mara mbili, bila haraka.
c) Waza. Jione uko pale. Bwana anasema nini? Anamtazama nani?
d) Zungumza naye kwa maneno yako, kwa Kidholuo, Kikuria, Kiswahili au lugha yoyote ya moyo wako.
e) Weka azimio moja dogo la leo, kwa mtu mmoja wa nyumba hii. Mtakatifu Fransisko wa Sale alisisitiza sana jambo hili. Usiseme tu, "Nitakuwa mtu mwema." Sema, "Leo nitamsikiliza binti yangu mpaka amalize."

Asiyejua kusoma, au aliye kwenye mashua, achukue fumbo moja la Rozari na Salamu Maria kumi. Mawazo yakitangatanga, usikate tamaa. Yarudishe taratibu, kama mtoto aliyetoka nje ya ua.

5. TAHADHARI

Tafakari isiwe kificho cha kukimbia kazi za nyumba. Wala isitumiwe kumnyamazisha mtu. Mama anayepigwa asiambiwe tu akatafakari. Alindwe, na habari zifike kwa padre, kwa wazee na kwa serikali. Vilevile mzazi aliyekosa usingizi kwa muda mrefu, mwenye huzuni isiyoisha au anayewaza kujidhuru, apelekwe hospitali upesi, huku tukiendelea kumwombea.

MASWALI YA MUME NA MKE

1. Katika nyumba yetu, nani hupata kimya na nani hakipati?
2. Wiki hii nitakulindia dakika kumi saa ngapi?
3. Ni hasira gani ambayo watoto wetu wamekuwa wakiibeba bila kosa lao?

Jibizaneni bila kulaumiana, kisha malizeni kwa Baba Yetu. Mama Maria, aliyeyaweka na kuyawaza mambo yote moyoni mwake huku akimlea Mtoto (Lk 2:19), awaombee ninyi nyote mnaolea.