Kuitunza Motokaa: Kazi ya Mwenyewe na Kazi ya Fundi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Zamani mwenye motokaa alikuwa mtu mmoja katika tarafa nzima, naye aghalabu alikuwa na dereva aliyejua kuifungua na kuifunga. Siku hizi walimu, waganga, wenye maduka na wakulima wa mboga wanazo motokaa, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na mwenye nayo ndiye anayeiendesha. Walakini wengi wao wajua usukani na pedeli tu. Gari likikataa kuwaka humpigia fundi simu. Fundi huja, hukaza nati moja, hulipwa, na huitwa bingwa.

Sisi wanafunzi twajifunza darasani mambo yale yale yaliyomo chini ya boneti, ila hatuambiwi kwamba yamo humo. Nia yangu ni kuonyesha kwamba matatizo mengi madogo ya motokaa hutokana na mambo matatu: kitu kimepungua, kitu kimelegea, au kitu kimechafuka. Hayo ni kazi ya mwenyewe. Kitu kikivunjika au kikichakaa ndani, hiyo ni kazi ya fundi. Yafaa kuujua mpaka baina ya kazi hizi mbili, maana anayeuvuka bila kujua hupoteza fedha, na pengine hupoteza ngozi yake.

Tuanze na maji. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita zipatazo 33, nayo barabara hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi sana. Anayepita huko mara kwa mara huona gari limesimama kando, boneti wazi, na mvuke unatoka. Katika Fizikia twasoma kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi usawa wa bahari, na kwamba kadiri tupandavyo mlima ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Lushoto, iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Injini nayo hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi 90 hivi, na mlimani joto hilo huzidi. Mbona basi magari yote hayachemki?

Jibu limo katika kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi na mpira vinavyozuia mvuke usitoke mpaka mgandamizo uwe mkubwa, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki upesi. Huweza kupita nyuzi 110 yakiwa bado maji. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, gari zima huchemka kwa sababu ya kifuniko, na mwenyewe hudhani injini imekufa. Juu ya kifuniko huandikwa namba, kama 0.9 au 1.1. Ukinunua kipya, nunua chenye namba ile ile.

Lakini kifuniko hicho hicho ndicho kinachochoma watu. Ukikifungua injini ikiwa moto, mgandamizo hutoka ghafula, na maji yaliyokuwa yamepita nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kuruka juu. Nilimwona kijana mmoja, utingo wa gari la mboga, akikifungua kwa kitambaa kwa kuwa abiria walikuwa wakimhimiza. Kitambaa hakikumfaa kitu. Mkono ulibabuka mpaka kwenye kiwiko, na safari waliyokuwa wakiiharakisha ikawa ya hospitali. Basi gari likichemka, simama mahali salama, zima injini, ungoje nusu saa au zaidi. Shika polepole bomba la mpira la juu la rejeta: likiwa limepoa na labonyea, hapo ndipo ufungue. Maji yatiwe kidogo kidogo, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi mengi kwa mara moja chaweza kupasuka, kama glasi inavyopasuka.

Maji ya mto au ya bomba yatakufikisha nyumbani, lakini yasiwe desturi. Yana chokaa, na utando mweupe uonekanao ndani ya birika la chai hujijenga vile vile ndani ya rejeta na kuziba njia zake. Kilicho bora ni kulanti, yale maji ya rangi ya kijani au nyekundu yanayouzwa kwa galoni. Yana dawa ya kuzuia kutu, na huchemka kwa joto kubwa zaidi kuliko maji matupu. Jihadhari tu usiyaache wazi uani: kulanti nyingi zina ladha tamu nazo ni sumu kali kwa mtoto na kwa mnyama.

Hapa nataka kuteta kidogo na mafundi wetu. Wako wengi ambao, gari likichemka mara moja, huondoa thamostati na kuitupa, wakisema kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu. Thamostati ni mlango unaofungika injini ikiwa baridi ili ipate moto upesi, kisha hufunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Ukiiondoa, injini hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na oili huchafuka upesi. Tena asubuhi ya mwezi wa Julai huko Usambara haina joto lo lote. Kama thamostati imeharibika, itiwe nyingine mpya.

Oili haina maneno mengi. Simamisha gari mahali pa sawa, zima injini, ungoje dakika kama tano oili ishuke chini. Chomoa kijiti cha kupimia, ukipanguse, ukirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena ukisome. Oili yapasa kuwa baina ya alama mbili. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo na kupima tena, wala usipite alama ya juu, maana oili ikizidi nayo hudhuru. Ikiwa nyeusi tu, imefanya kazi yake, nawe utazame kama siku ya kuibadili imefika. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani ya injini: hiyo ni kazi ya fundi, na gari lisiwashwe. Vile vile taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka njiani, zima injini mara moja. Watu wengi husema, "Nitafika tu hapo mbele." Chuma kinachosuguana na chuma pasipo oili hakihitaji kufika mbele ili kife.

Sasa betri, ambayo nadhani ndiyo inayowasumbua watu kuliko vyote, na ndiyo iliyo karibu sana na maabara yetu. Betri ya motokaa ni vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo, ndiyo maana zote pamoja huitwa volti 12. Ndani mna bamba za risasi na asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Namna hii ya betri iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla hata ya motokaa kuwapo, na mpaka leo asili yake haikubadilika sana.

Gari likigoma kuwaka asubuhi, usikimbilie kununua betri. Washa taa kubwa, kisha jaribu kuwasha injini huku ukizitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, umeme hautoshi: ama betri imeisha, ama vichwa vyake vimelegea au vimechafuka. Taa zikibaki zinang'aa na injini haitikisiki, betri ni nzima, nawe utafute ubaya kwenye stata au nyaya zake. Hapo mwite fundi.

Ukiona unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri, huo ni uchafu uliozaliwa na asidi, nao huzuia umeme usipite. Twajua kwamba asidi huuawa na besi. Legeza kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Changanya magadi na maji ya moto, uvisugue vichwa hivyo kwa mswaki wa zamani. Utaona povu likitoka. Ni ile ile gesi ya kaboni dayoksaidi tuliyoikamata katika mirija ya maabara. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, na kukaza barabara, kisha paka grisi kidogo. Spana moja namba 10 hutosha kwa magari mengi. Kazi nzima haifiki nusu saa, nayo imewaepusha wengi na bei ya betri mpya.

Mambo mawili ya kuogopa hapa. La kwanza, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na sote tumesikia mlio wa haidrojeni ikikutana na njiti ya kiberiti. Usichungulie betri kwa kiberiti wala kwa sigara. La pili, ukiazima umeme kwa gari la jirani, unga waya mwekundu chanya kwa chanya. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho uishike kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche isirukie gesi. Wengi huunga hasi kwa hasi na hawadhuriki. Hiyo ni bahati yao. Kuhusu kusukuma, gari la gia za mkono huwaka likisukumwa katika gia ya pili, ila gari la gia za kujibadili haliwaki hivyo hata likisukumwa na shule nzima.

Katika mambo ya umeme kuna fyuzi pia. Honi au waipa ikinyamaza ghafula, tazama kisanduku cha fyuzi kwanza. Rangi yake ndiyo namba yake: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Iliyoungua uibadili kwa rangi ile ile. Kuna watu wanaofunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi na kujisifu kwa ujanja. Kazi ya fyuzi ni kufa ili waya usiwake moto. Waliyemwondoa ni askari wa lindo.

Tairi huhitaji upepo wa kiasi chake. Kiasi hicho kimeandikwa katika kibandiko kwenye mlango wa dereva, na ijapokuwa maneno yake ni ya Kijapani, tarakimu zake ni zetu. Ukiona 220 kPa, ni kama 32 katika pampu zetu nyingi. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa tairi likipata moto upepo hutanuka na kipimo hudanganya. Usisahau tairi la akiba. Watu hulibeba miaka mitatu, na siku wanapolihitaji hulikuta limenywea kama andazi la jana.

Anayenunua tairi lililotumika asidanganywe na meno marefu. Ubavuni mna tarakimu nne ndani ya duara refu: 2314 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na ukiona nyufa ndogo ndogo ubavuni, liache hapo hapo dukani.

Wakati wa kubadili gurudumu, simamisha gari mahali pa sawa na pagumu, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado chini, kisha ndipo jeki ipande. Ukirudisha, kaza nati kwa kuvuka, moja kisha inayoelekeana nayo, na ukaze tena gari likiwa limeshuka. Wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota nati moja. Ivute kwa fimbo.

Nimeziacha breki mwisho kwa sababu katika hizo kazi ya mwenyewe ni kutazama tu. Chombo cha mafuta ya breki kina alama mbili. Mafuta yakishuka polepole kwa miezi mingi, huenda ni vitambaa vya breki vinavyolika. Yakishuka kwa siku chache, yanavuja, na kuongeza mengine bila kutafuta panapovuja ni kumficha mgonjwa.

Kisha kuna ile teremko ya kurudi Mombo. Dereva anayekanyaga breki mfululizo kutoka Soni mpaka chini huzitia moto mkali, na mafuta ya zamani yaliyonyonya maji huchemka ndani ya mabomba yake. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei; basi pedeli huzama mpaka sakafuni na gari halisimami. Ndiyo maana madereva wa zamani huteremka kwa gia ile ile ambayo wangepandia, injini ikilizuia gari, na breki wakiigusa mara chache kabla ya kona. Ukikanyaga pedeli ikawa laini, au ikabidi kuipiga mara mbili ndipo ishike, au gari likivutwa upande mmoja, spana zirudi sandukuni. Gari la namna hiyo haliendeshwi kwenda gereji; fundi huitwa alifuate lilipo.