MADA YA 9: KUJIFUNZA KICHINA KWA TAMTHILIA NA RIWAYA

Malengo. Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze: (a) kutumia onyesho la tamthilia kunoa sikio, (b) kukuza msamiati kwa kusoma riwaya, (c) kupanga sentensi ya safari kwa mfuatano sahihi wa Kichina.

9.1 Utangulizi

Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, hadi Bagamoyo. Misafara mingine ilielekea magharibi hadi Ujiji. Kiswahili kilienea bara kwa njia hiyo, na wengi walikipata kwa kusikiliza na kusema, kambini na sokoni.

Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Kwa mtahiniwa wa Tabora, basi, Kichina si alama za mtihani pekee. Tatizo ni kwamba vipindi vya darasani ni vichache na nje ya darasa lugha haisikiki. Tamthilia huongeza usikilizaji; riwaya huongeza usomaji.

9.2 Tamthilia na sikio

Mwaka 2011, TBC ilirusha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou, muuguzi aliyeolewa na kijana ambaye wazazi wake wametalikiana. Doudou anajikuta na mama wakwe wawili: mama mzazi wa mumewe na mama wa kambo. Kwa Kiswahili wote ni "mama mkwe", na mama wa mke pia ni "mama mkwe". Kichina hutenganisha: 婆婆 (pópo) ni mama wa mume, 岳母 (yuèmǔ) ni mama wa mke. Ukisikiliza sauti ya asili, neno moja linakuonyesha msemaji anazungumzia upande gani wa ukoo. Tafsiri haionyeshi jambo hilo.

Fuata hatua hizi:

1. Tazama sehemu nzima mara moja, kwa tafsiri, ili uelewe kisa.
2. Chagua onyesho la dakika mbili tu.
3. Lisikilize bila kusoma. Andika kwa Pinyin unachosikia, pamoja na toni.
4. Linganisha na maandishi ya Kichina yaliyo chini ya picha.
5. Sema pamoja na mwigizaji hadi mwende sawa.

Simu moja inatosha kundi la wanafunzi watano. Onyesho moja lililorudiwa mara kumi lina faida kuliko sehemu kumi zilizotazamwa mara moja.

Zingatia: Toni hubadili maana. 买 (mǎi) ni kununua. 卖 (mài) ni kuuza. Kwa mfanyabiashara, kuzichanganya ni hasara. Kiswahili hakina toni, lakini Kinyamwezi kinazo. Kama unakizungumza nyumbani, sikio lako limeshazoea kazi hii, litumie.

9.3 Riwaya na msamiati

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, inayosimulia msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, imetafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina *Peponi* na kwa Kichina kwa jina 天堂 (Tiāntáng). Soma kwanza sura moja ya Kiswahili, kisha tafuta aya fupi ya Kichina inayolingana nayo. Usijaribu kuelewa kila herufi. Tafuta maneno yanayojirudia na uyachambue:

- 商队 (shāngduì): biashara + kikosi = msafara wa biashara
- 象牙 (xiàngyá): tembo + jino = pembe ya ndovu
- 铁路 (tiělù): chuma + njia = reli
- 火车 (huǒchē): moto + gari = treni (linganisha na "gari moshi")

Ukijua 商, utalitambua pia katika 商人 (shāngrén), mfanyabiashara, na 商店 (shāngdiàn), duka.

9.4 Mfuatano wa maneno

Kiswahili: *Ninakwenda Kigoma kwa treni kutoka Tabora.*
Kichina: 我从塔波拉坐火车去基戈马。(Wǒ cóng Tǎbōlā zuò huǒchē qù Jīgēmǎ.)

Mtendaji hutangulia, hufuata mahali anapotoka, kisha chombo cha safari, mwisho anakokwenda. Watahiniwa wengi hufuata mpangilio wa Kiswahili na kupoteza alama.

Tahadhari: Lugha ya tamthilia ni ya mazungumzo ya nyumbani. Katika insha na barua rasmi, tumia miundo uliyofundishwa darasani.

Zoezi

1. Kwa nini tafsiri ya Kiswahili haitofautishi 婆婆 na 岳母?
2. Tofautisha 买 na 卖 kwa toni na kwa maandishi.
3. Tafsiri kwa Kichina: *Mfanyabiashara anauza maembe Tabora.* (embe: 芒果, mángguǒ)

Majibu

1. Kiswahili hutumia "mama mkwe" kwa mama wa mume na mama wa mke. Kichina kina neno kwa kila upande.
2. 买 ni toni ya tatu, 卖 ni toni ya nne. 卖 ina alama 十 juu ya 买.
3. 商人在塔波拉卖芒果。(Shāngrén zài Tǎbōlā mài mángguǒ.) Mahali hutangulia kitenzi.