Kipima Rangi cha Bomba: Mwongozo kwa Walimu wa Sayansi wa Shinyanga na Geita

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Msalala hadi Nyarugusu, Rwamagasa na Katoro, watu wengi huishi kwa kusubiri namba moja: gramu kwa tani. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimba, hupeleka sampuli ya mawe maabara, hurudishiwa karatasi, na kwa karatasi hiyo huamua kuendelea kuchimba, kuuza marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kuoshwa) kwa mwenye mtambo wa kuchenjua, au kufunga kazi. Mara nyingi namba hiyo imetoka katika mashine inayopima mwanga. Sampuli huyeyushwa kwa asidi kali, kisha myeyusho hupulizwa ndani ya mwali wa gesi ya asetilini huku mwanga wa taa maalumu ya dhahabu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 242.8, ukipita katikati ya mwali. Atomi za dhahabu hufyonza sehemu ya mwanga huo. Dhahabu ikizidi, mwanga unaofika upande wa pili hupungua. Alan Walsh aliitangaza mbinu hii huko Australia mwaka 1955, na bado inafanya kazi kila siku katika maabara za migodi yetu.

Watoto wa wachimbaji wanaiona karatasi, hawaoni namba inavyozaliwa. Kijitabu hiki kimeandikwa ili mwalimu wa kemia au fizikia wa shule ya kata aweze kuwaonyesha, kwa kifaa ambacho wanafunzi wanakiunda wenyewe kwa kipande cha bomba la plastiki, taa ndogo ya LED, resista inayobadilika kwa mwanga (mafundi huiita LDR) na mita ya fundi redio. Mwaka 2014 wananchi walichangishwa nchi nzima kujenga maabara katika sekondari za kata. Majengo yalisimama, lakini spektrofotomita ya dukani ina bei ambayo shule chache za kata zinaweza kuimudu.

Kifaa hiki hakipimi dhahabu. Kinapima ukolezi wa kitu chenye rangi kilichoyeyuka katika maji. Kanuni, hata hivyo, ni ileile.

Kanuni yenyewe

Pierre Bouguer wa Ufaransa aliandika mwaka 1729 kwamba kila tabaka la kitu linalopitisha mwanga huchukua sehemu ileile ya mwanga uliolifikia. Tabaka la kwanza likibakiza nusu, la pili litabakiza nusu ya nusu, la tatu nusu ya robo. Johann Lambert aliiweka katika hesabu mwaka 1760, na August Beer akaonyesha mwaka 1852 kwamba kuongeza ukolezi kuna athari sawa na kuongeza unene. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa kugawanyika hivyo, hatuwezi kutoa tu namba moja kutoka nyingine. Tunatumia logi. Ufyonzaji ni logi ya mwanga ulioingia gawanya kwa mwanga uliotoka, na ufyonzaji ndio unaopanda kwa mstari ulionyooka ukolezi unapopanda.

Rangi ya taa lazima ichaguliwe kwa makini, na hapa ndipo walimu wengi hukwama mwanzoni. Kitu huonekana chekundu kwa sababu kinameza kijani na kuachia nyekundu ipite. Kwa hiyo ukipima juisi nyekundu ya choya kwa taa nyekundu, mita itasoma karibu sawasawa kwa juisi nzito na juisi nyepesi. Weka taa ya kijani. Mrututu (salfeti ya shaba), ambao ni wa bluu, unataka taa nyekundu. Pamanganeti ya potasiamu, yenye rangi ya zambarau, inataka kijani. Waacheni wanafunzi wajaribu taa zote tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kujionea kabla hamjawapa jibu.

Kutengeneza

Kata bomba la PVC lenye urefu wa kiganja na upana ambao neli ya majaribio itaingia bila kucheza. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa keekee, toboa matundu mawili yanayotazamana, kwenye kimo ambacho myeyusho utakuwepo. Tundu moja ni la LED, la pili ni la LDR, na vyote vibanwe kwa gundi visitikisike, kwa sababu taa ikihama hata kidogo vipimo vyote vya nyuma vinapoteza maana. Ziba chini kwa kifuniko cha bomba. Juu tengeneza kofia nyeusi ya kufunika neli kila inapopimwa.

Umeme ni wa betri nne za volti 1.5, jumla volti 6, zikipita katika resista ya omu 330 kabla ya kufika kwenye LED. Kwa thamani hiyo LED nyekundu, kijani na bluu zote hupata mkondo wa kiasi cha miliampea 10, hivyo unaweza kubadilisha taa bila kubadilisha resista. Bila resista LED huungua. Waya mbili za LDR huunganishwa moja kwa moja na mita iliyowekwa upande wa omu. Giza likiongezeka, ukinzani hupanda.

Kabla ya kupima chochote, toa kifaa nje juani. Kifunike, soma mita, kisha kikinge kwa kivuli cha mkono. Namba ikibadilika, kuna mwanga unaovuja, na mara nyingi unapita kando ya LDR. Ziba kwa utepe mweusi na urudie. Jua la Shinyanga ni kali na chumba cha maabara kina madirisha mapana, kwa hiyo kifaa kinachovuja kitapima saa ya mchana badala ya myeyusho.

Mizani huwa tatizo la shule nyingi. Katika mji wenye wanunuzi wa dhahabu tatizo hili ni dogo kuliko mahali pengine popote nchini, kwa kuwa mizani midogo ya kidijitali ya aina wanayotumia ni bidhaa ya kawaida sokoni. Shule inunue ya kwake. Kwa kupima ujazo, bomba la sindano jipya la duka la dawa, bila sindano yenyewe, linatosha. Vifaa vilivyotumika vya zahanati visiletwe darasani.

Kipimo cha kwanza

Anzeni na choya, kwa sababu haina hatari. Chemsheni maua, chujeni, kisha mpunguze juisi kwa maji: robo, nusu, robo tatu, nzima. Darasa likishazoea, hamieni kwenye mrututu, ambao unaruhusu hesabu ya moli. Gramu 25 za fuwele za mrututu katika lita 1 ya maji ni karibu moli 0.1 kwa lita. Kutoka hapo tengenezeni myeyusho wa moli 0.025, 0.05 na 0.075.

Tumieni neli moja tu kwa vipimo vyote, iliyowekwa alama ya wino ili itazame upande uleule kila mara. Kioo cha neli mbili hakifanani. Pimeni maji matupu kwanza, kisha myeyusho kuanzia ule mwepesi kabisa, na baada ya kila vipimo viwili rudieni maji matupu, kwa sababu betri huchoka taratibu na mwanga hupungua bila mtu kuona. Mwanafunzi asikimbilie kuandika. LDR ni nzito kujibu, hivyo asubiri nusu dakika namba itulie.

Hesabu ni hii. Chukua ukinzani wa myeyusho, gawanya kwa ukinzani wa maji matupu, tafuta logi. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa, maji yanasoma kilo-omu 2.0 na mrututu wa moli 0.05 unasoma 2.8. Uwiano ni 1.4 na logi yake ni 0.146. Mrututu wa moli 0.1 unatakiwa kutoa uwiano wa 1.4 mara 1.4, yaani karibu kilo-omu 3.9, na logi ya 0.292, mara mbili kamili ya ile ya kwanza. Logi hii si ufyonzaji wenyewe, maana LDR ina tabia yake ya kujibu mwanga, lakini inapanda kwa uwiano na ufyonzaji, na hilo linatosha mradi mnalinganisha na myeyusho mnaoujua.

Kulinganisha ndiyo kiini cha somo lote. Choreni grafu ya logi dhidi ya ukolezi, mstari upite katika nukta, kisha mwalimu atoe chupa moja ambayo ukolezi wake anaujua yeye peke yake. Kila kundi liipime na kusoma jibu kwenye mstari wake. Majibu yatatofautiana. Mwalimu asiharakishe kutaja jibu sahihi. Kwanza makundi yaulizane: nani alibadilisha neli, nani aliacha kofia wazi, nani hakurudia maji matupu? Mwanafunzi aliyepita hapo, siku akishika karatasi ya maabara ya mgodi, atajua la kuuliza: mashine ililinganishwa na nini, lini, na sampuli ilipimwa mara ngapi? Tunayathamini maswali hayo kuliko kifaa chenyewe.

Ukolezi ukizidi sana, mstari huanza kupinda. LED haitoi rangi moja safi, na mwanga kidogo usiofyonzwa hupita hata myeyusho uwe mzito namna gani. Punguzeni kwa maji na mpime upya.

Maji ya lambo, na maji yanayodanganya macho

Wanafunzi wataleta maji ya lambo. Hilo ni hakika, na ni jambo jema. Lakini tope halifyonzi mwanga tu, linautawanya pia, kwa hiyo namba itakayopatikana ni ya ukungu wa maji na haiwezi kusomwa kwenye grafu ya mrututu. Itumieni hivyo. Wekeni shabu kidogo katika ndoo moja, unga wa mbegu za mlonge katika nyingine, ya tatu msiiguse, na mpime kila robo saa. Wakazi wa Shinyanga na Kahama, ambao tangu mwaka 2009 wanapata maji ya Ziwa Viktoria yanayotoka Ihelele, Misungwi, watapata picha ya kazi ya kusafisha maji kabla hayajafika bombani.

Maji yakishakuwa meupe, kifaa hiki hakina tena la kusema juu ya usalama wake. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika visima, na floraidi haina rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliwahi kukubali hadi miligramu 8 vijijini kuanzia miaka ya 1970. Maabara za maji hupima floraidi kwa kuongeza rangi nyekundu ambayo floraidi huififisha, kisha hupima mwanga. Kemikali zake si za kushikwa na wanafunzi. Meno ya kahawia ya mtoto, ambayo huweza kusababishwa na floraidi, si jambo la kuthibitishwa kwa kifaa cha darasani. Maji ya kisima cha nyumbani kwake yapelekwe kwa wataalamu wa maji.

Zebaki nayo haionekani katika maji, wala sianidi. Tunasisitiza: maji ya mwalo wa zebaki na ya matangi ya sianidi yasiingie darasani kwa sababu yoyote ile. Sianidi ikikutana na asidi, hata asidi kidogo ya maabara ya shule, hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Mrututu uliotumika urudishwe kwenye chupa kwa darasa lijalo na usimwagwe lamboni, maana unaua samaki.

Ombi kwa halmashauri na bodi za shule

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni za madini zinatakiwa kuwa na mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Fedha za mipango hiyo zimejenga madarasa, na tunashukuru. Katika mpango ujao, halmashauri za Geita, Msalala, Kahama na Shinyanga ziongeze mstari mmoja: LED za rangi tatu, LDR, mita na mizani kwa kila sekondari, pamoja na siku ya walimu wa sayansi kukutana na fundi redio wa karibu wakaunganishe kifaa cha kwanza pamoja.