PUMZI NA MWENDO KATIKA MASHINDANO YA KUOGELEA

Wengi wetu tuliokulia karibu na mto Nzoia tulikatazwa na wazazi wetu kuingia majini, wala wazazi hawakukosea, kwani mto ule umekwisha kuwachukua watu wengi. Kwa hiyo mtu hufika umri wa miaka 30 au 40 ndipo ajifunzapo kuogelea, tena katika bwawa la hoteli au la shule. Umri huo si kizuizi. Katika mashindano ya kimataifa ya wakubwa, watu huanza kuandikishwa wakiwa na miaka 25, na kila kundi la miaka mitano hushindana peke yake. Lakini mtu mzima huyaendea maji kwa nguvu za mikono, akasahau pumzi.

Mfano ulio wazi ni ule wa Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 22, alishindana mita 100 mtindo huru katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney. Alikuwa amejifunza kwa miezi michache tu katika bwawa dogo la hoteli, wala hakuwa amepata kuliona bwawa la mita 50 kabla ya safari ile. Wenzake wawili wa mchujo waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara, basi akaogelea peke yake. Nusu ya kwanza aliikata kwa nguvu. Alipogeuka, mikono ikawa mizito na miguu ikaanza kuzama, hata watazamaji wakahofu kwamba hatafika. Alifika, kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, aliyeshinda fainali ya mbio hizo, alitumia sekunde 48.30. Wako waliomcheka, mimi simcheki, maana najua ilivyo kutafuta ukingo wa bwawa hali kifua kimekwisha.

Kifua huishaje? Mwanafunzi huzuia pumzi uso ukiwa majini, kisha ainuapo kinywa hutaka kutoa na kuvuta kwa mara moja. Nafasi ile ni fupi mno, naye hupata nusu ya pumzi. Ifahamike kwamba ile hali ya kusongwa, ambayo humtia mtu hofu, huletwa kwanza na hewa chafu iliyobaki ndani, iitwayo kabonidayoksaidi, kabla hata oksijeni haijapungua sana. Basi dawa ni kutoa. Simama penye kina kifupi, shika ukingo, tia uso majini, utoe hewa polepole kwa pua na kinywa hadi mapovu yaishe. Kisha geuza kichwa upande, usikiinue, uvute kwa kinywa upesi. Fanya hivyo mara 20 kila siku kabla ya kuogelea.

Kwetu huku yafaa kuangalia neno jingine. Kitale iko juu ya bahari kwa mita 1,900 hivi, na hapo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa. Bungoma iko chini zaidi, lakini upungufu upo. Kwa hiyo mwogeleaji wa kwetu na avute pumzi kila baada ya mikono miwili, asiige wale wavutao mara chache ili waonekane hodari.

Sasa mwendo. Apandaye baiskeli kutoka Webuye kwenda Kimilili na gunia la mahindi nyuma hamalizi miguu yake katika kilima cha kwanza. Vivyo hivyo majini. Ukitaka kumaliza mita 100 kwa dakika 2 katika bwawa la mita 25, kila upande una sekunde 30. Wa kwanza waweza kupungua kidogo kwa sababu ya kuruka. Ukiumaliza kwa 22, umekwisha kukopa, na deni utalipa katika upande wa tatu. Kutangulia si kufika. Mwombe mwenzako asimame ukingoni na saa, akusomee kila ugeukapo; wewe nawe hesabu mikono yako. Ikiwa upande wa kwanza ni mikono 22 na wa mwisho ni 30, ujue ulianza mbio kupita kiasi.

Liko jambo moja la hatari. Wengine, kabla ya kupiga mbizi, huhema upesi mara nyingi wakidhani wanajaza hewa. Kuhema huko huondoa kabonidayoksaidi, na mwili hukosa ile ishara ya kudai pumzi, hata oksijeni ikapungua na mtu akazimia chini ya maji. Kwa hiyo usijizoeze kuzuia pumzi, wala usiogelee peke yako. Azimiaye hivyo hapigi kelele wala harushi mikono. Hutulia kimya, na aliye ukingoni hudhani kwamba bado anajizoeza.